Moyo na Miadi: Kiingereza cha Hisia na Mipango kwa Wasemaji wa Kihispania

   

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa lugha za kigeni. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo nimechagua kipande kimoja nilichokipenda kwa muda mrefu: maneno ya Kiingereza ya kueleza hisia na ya kupanga mipango, na jinsi yanavyompokea msemaji wa Kihispania. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, hayo yanatuhusu nini sisi tunaoamka na kulala na Kiswahili. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Kihispania ni lugha ya mama ya watu wanaokaribia milioni 500. Ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa hapa barani kwetu, Guinea ya Ikweta, na katika Marekani peke yake watu zaidi ya milioni 40 hukizungumza nyumbani. Jasho lao katika kujifunza Kiingereza lina mengi ya kumfunza mwalimu yeyote. Pili, katika jambo hili la hisia na mipango, Kiswahili mara nyingi husimama upande mmoja na Kihispania, na Kiingereza hubaki upande wa pili. Nitawaonyesha.

Dai langu ni hili: maneno ya hisia na maneno ya mipango hayatenganiki. Mwalimu anayempa mwanafunzi orodha ya hisia wiki hii na orodha ya mipango wiki ijayo amempa msamiati, lakini hajampa mazungumzo. Nitalitetea dai hilo kwa hoja tano.

1. Hisia ndizo zinazobeba mpango

Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilitoa kitabu cha Jan van Ek kilichojulikana kama Threshold Level, yaani kiwango cha mlangoni. Kabla yake, vitabu vingi vya Kiingereza vilipangwa kwa sarufi: somo la wakati uliopo, somo la wakati uliopita, na kuendelea. Van Ek aliuliza swali jingine: mtu anayeingia katika lugha anataka kuitumia kufanya nini? Katika majibu yake kulikuwa na kueleza hisia na kuulizia hisia za mwenzako, na kulikuwa pia na kuyafanya mambo yatendeke: kualika, kupendekeza, kuomba, kukubali, kukataa. Mwaka 1979 Kihispania nacho kikapata kitabu chake cha aina hiyo, Un nivel umbral, kilichoandikwa na Peter Slagter. Tangu hapo ni vigumu kupata kitabu cha wanaoanza kisicho na sura ya hisia na sura ya mipango.

Tatizo ni kwamba sura hizo mbili mara nyingi hazikutani. Sikilizeni mazungumzo haya mafupi, ya aina inayosikika kila siku London au Chicago:

"Would you like to come for dinner on Saturday?"

"I'd love to, but I'm afraid I can't. I'm working. How about Sunday?"

"Sunday's fine. I'm looking forward to it."

Mmoja anamwalika mwenzake chakula cha jioni Jumamosi, wa pili anasema Jumamosi yuko kazini, wanakubaliana Jumapili. Ni mpango mtupu. Lakini tazameni maneno yaliyoubeba: "love" ni kupenda, "afraid" ni kuogopa, "looking forward" ni kuwa na hamu. Hapo hakuna aliyependa wala aliyeogopa. "I'd love to" ni njia ya kuupokea mwaliko kwa mikono miwili kabla ya kuukataa, na "I'm afraid" ni pole anayopewa aliyekataliwa. Mwanafunzi wa Kihispania aliyefundishwa kwamba "afraid" maana yake ni "tengo miedo", nina hofu, akisikia jibu hilo atajiuliza mwenzake anaogopa nini.

Haya si ya Kiingereza peke yake. Mhispania naye hukataa kwa kusema "me encantaría, pero no puedo", ningefurahi sana lakini siwezi. Sisi husema "ningependa sana, ila nasikitika". Kila lugha hutanguliza moyo ndipo ikaleta kalenda. Mwanafunzi anachohitaji kufundishwa ni moyo gani hutangulizwa, na kwa maneno gani.

2. Anayekuwa na hofu na anayekuwa mwoga

Hoja ya pili inahusu namna hisia inavyokaa kwa mtu. Msemaji wa Kihispania ana njaa, ana kiu, ana usingizi, ana hofu, ana haraka, ana wivu: "tengo hambre", "tengo sed", "tengo sueño", "tengo miedo", "tengo prisa", "tengo celos". Hata umri anao: "tengo veinte años", nina miaka 20. Naona mnatabasamu, na mnajua kwa nini: ndivyo tunavyosema sisi, neno kwa neno. Kiingereza hakimpi mtu hofu ashike mkononi. Humfanya mtu mwenyewe kuwa na sifa hiyo: "I am hungry", "I am afraid", "I am twenty". Ndiyo maana mwanafunzi wa Kihispania katika miezi ya mwanzo husema "I have hunger" na "I have twenty years". Amebeba sarufi sahihi ya kwao na kuipeleka mahali ambapo haipokelewi.

Kubwa kuliko hayo ni "tener ganas de". Mhispania anayesema "tengo ganas de verte" anasema kile kile tunachosema sisi tukisema nina hamu ya kukuona. Kiingereza hapo hugawanya njia. Ukiwa na hamu ya kitu sasa hivi, utasema "I feel like", na kitenzi kitakachofuata kitaishia na "-ing": "I feel like eating out". Ukiwa na hamu ya jambo lililopangwa, utasema "I'm looking forward to", na hapo pana mtego unaowanasa hata wanaosoma vyuo vikuu. Baada ya "to" mwanafunzi huweka kitenzi kitupu, "to see you", kwa kuwa ndivyo alivyozoea kila anapoiona "to". Kiingereza hutaka "to seeing you". Walimu mlioshika kalamu, liandikeni hili, kwa maana ndilo kosa linaloharibu barua nyingi zilizoandikwa vizuri mpaka mstari wa mwisho.

Kuna pia suala la anayehisi na kinachosababisha hisia. Kiingereza hutofautisha "bored", aliyechoshwa, na "boring", anayechosha. Mwanafunzi anayetaka kulalamika kwamba kikao kimemchosha akasema "I am boring" amejitukana mbele ya watu. Mwalimu asikimbilie kumpa kanuni ya mwisho wa neno. Amkumbushe kwamba kwao tofauti hiyo ipo: "estoy aburrido" ni kuchoshwa kwa sasa, "soy aburrido" ni kuwa mtu wa kuchosha. Na sisi tunaifanya kwa kauli za vitenzi, kuchosha na kuchoshwa, bila hata kufikiri. Anayeonyeshwa kwamba tayari analo wazo hilo katika lugha yake hujifunza umbo jipya kwa nusu ya taabu.

Kisha kuna "gustar". Katika Kihispania, kahawa ndiyo inayotenda: "me gusta el café", kahawa inanipendeza. Kiingereza humweka mtu mbele: "I like coffee". Mwanafunzi aliyezoea kusema "me gusta" bila kutaja kitu, kwa kuwa kitu kinaeleweka, hujibu kwa Kiingereza "yes, I like" akanyamaza, na msikilizaji akabaki akisubiri sentensi imalizike. Kiingereza hudai "I like it". Herufi mbili tu, lakini bila hizo sentensi haisimami.

3. Maneno ya sura moja na maana mbili

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maelfu ya maneno ya Kifaransa yenye asili ya Kilatini, na mengine kikayachota katika Kilatini chenyewe. Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Kwa hiyo msemaji wa Kihispania akifungua gazeti la Kiingereza hukutana na sura anazozijua, na hiyo ni baraka kubwa ambayo sisi hatuna. Lakini katika hisia na mipango baraka hiyo ina miiba, na inafaa tuitazame kwa karibu.

Tuanze na miiba ya hisia. "Embarazada" ni mwanamke mjamzito. "Embarrassed" ni mtu aliyeona haya. "Sensible" ya Kihispania ni mtu mwepesi wa kuguswa moyo. "Sensible" ya Kiingereza ni mtu mwenye busara. "Excitado" huelekea ashiki ya mwili, na "excited" ni furaha ya kungoja jambo zuri, kama mtoto anayesubiri sikukuu. "Molestar" ni kusumbua tu, na ndiyo maana mlangoni mwa vyumba vya hoteli huandikwa "no molestar"; "molest" ya Kiingereza ni kosa la jinai dhidi ya mwili wa mtu. Mfikirieni mfanyakazi mhamiaji anayetaka kumwambia bosi wake kwamba mwenzake anamsumbua kwa kelele.

Miiba ya mipango ina hatari zaidi, kwa kuwa huvunja miadi bila mtu kujua imevunjikia wapi. Mtu akisema kwa Kiingereza "I have a compromise on Friday", anataka kusema Ijumaa ana shughuli aliyokwisha kuahidi, maana "compromiso" ni ahadi. Mwingereza anasikia habari za mapatano ambapo kila upande umelegeza kamba. Akisema "eventually I will come", yeye ana "eventualmente" kichwani, yaani huenda nikaja. Mwenyeji wake anasikia: mwisho nitafika tu. Basi mwenyeji anaweka sahani na kungoja. Akisema "I pretend to visit you", kwake "pretender" ni kukusudia. Mwenzake anasikia kwamba atajifanya anamtembelea.

Sasa tazameni mahali hisia na mpango vinapokutana katika mwiba mmoja. Rafiki hakutokea kwenye miadi. Mhispania amepata "decepción", yaani amevunjika moyo, naye anaandika "I was deceived". Kwa Kiingereza amemshtaki rafiki yake kwa udanganyifu. Neno alilolihitaji ni "disappointed". Huzuni imegeuka shutuma, na urafiki umetikiswa na tahajia. Au safari imekaribia, na mtu wa Uhispania ana "ilusión", ile furaha ya matumaini inayomkosesha mtu usingizi. Akiigeuza kuwa "illusion", Mwingereza anasikia njozi isiyo na ukweli.

Kihispania chenyewe hakifanani kila mahali. Mtu wa Madrid akisema "me da pena", anasikitika. Mtu wa Mexico akisema maneno hayo hayo, mara nyingi anaona haya. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza asiamini kamusi kabla hajamuuliza mwanafunzi wake ametoka wapi.

4. Kungoja, kutarajia na kutumaini

Hoja ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kihispania kina kitenzi kimoja, "esperar", kinachofanya kazi tatu. "Espero el autobús", nangoja basi. "Espero una carta", natarajia barua. "Espero que vengas", natumaini utakuja. Kiingereza huzigawa kazi hizo kwa vitenzi vitatu: "wait for", "expect" na "hope". Na sisi tunazigawa vivyo hivyo: kungoja, kutarajia, kutumaini. Mara hii Kiswahili kimehama upande.

Tofauti hiyo ina uzito katika mipango. "I expect you at six" inatoka kwa mtu mwenye madaraka, na ndani yake mna amri. "I hope to see you at six" inakuachia uhuru wako. Mwanafunzi asiyeitofautisha huandika "expect" akimaanisha "hope", na mwaliko wa upole unafika ukiwa umevaa sauti ya mkaguzi.

Kuna neno jingine la Kihispania ambalo sikio la Mswahili hulitambua upesi: "ojalá". Limetoka katika Kiarabu, katika maneno ya kumwomba Mungu apende, likabaki Uhispania baada ya karne nyingi za Waislamu katika rasi ile, tangu mwaka 711 hadi kuanguka kwa Granada mwaka 1492. Ni jamaa wa inshallah yetu. Lakini "ojalá" imetanuka kuliko inshallah. "Ojalá venga" ni kutumaini kwamba atakuja. "Ojalá hubiera venido" ni kujuta kwamba hakuja, na hapo sisi tungesema laiti angalikuja. Neno moja linashika tumaini na majuto. Kiingereza hakina neno kama hilo. Hutumia "I hope he comes" kwa tumaini, na kwa majuto "I wish he had come", huku kitenzi kikirudi nyuma kwenye wakati uliopita. Mwalimu asifundishe "wish" na "hope" kama maneno mawili ya orodha. Ayafundishe kama matawi mawili yanayotoka katika "ojalá", kisha amtake mwanafunzi ajiulize: jambo hili bado linawezekana, au limekwisha kupita?

Na vitenzi vya mpango wenyewe? Kihispania husema "te llamo mañana", nakupigia kesho, kwa wakati uliopo, na ahadi ikaeleweka. Kiingereza hutaka "I'll call you tomorrow", na anayesema "I call you tomorrow" anaeleweka ila anasikika kama asiyeamua. Kwa ufupi, mwanafunzi anahitaji njia tatu: "I'll" kwa uamuzi unaozaliwa mdomoni sasa hivi, "I'm going to" kwa nia iliyokuwapo, na "I'm meeting" kwa miadi iliyokwisha kufungwa na mtu mwingine. Akitaka kumhusisha mwenzake, aachane na "I want that you come". Kihispania kina "quiero que vengas", sisi tuna nataka uje, na lugha zote mbili hubadilisha umbo la kitenzi cha pili ili kuonyesha kwamba jambo bado ni la kutakwa. Kiingereza hupita njia yake: "I want you to come".

5. Saa, tarehe na heshima

Mpango ukikosa saa si mpango. "Tarde" ya Kihispania huanza baada ya chakula cha mchana, ambacho Uhispania huliwa karibu na saa nane, na huendelea mpaka giza liingie. Kiingereza huikata vipande viwili, "afternoon" na "evening", na anayealikwa "in the evening" akafika saa tisa alasiri atamkuta mwenyeji hajaanza kupika. "Mañana" ni asubuhi na pia ni kesho. Tarehe 6/5 kwa Mhispania na kwa Mwingereza ni tarehe 6 Mei. Kwa Mmarekani ni tarehe 5 Juni. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tunajua vema jinsi mgeni anavyoweza kukosea miadi kwa saa sita nzima, na kwa hiyo hatuwezi kuwacheka Wahispania. Dawa ni moja: fundisha kurudia. Mwanafunzi azoee kumaliza kila mpango kwa kuutaja upya, siku kwa jina lake, mwezi kwa jina lake, saa pamoja na sehemu ya siku.

La mwisho katika hoja hii ni heshima. Kihispania kina "tú" kwa mtu wa karibu na "usted" kwa mtu wa kuheshimiwa. Kiingereza kina "you" tu. Mwanafunzi huitafuta "usted" katika Kiingereza, asiione, akadhani heshima haimo. Imo, ila imehamia kwenye "would", "could" na "might". Katika baa ya Madrid, "ponme un café" ni kauli ya kawaida isiyomuudhi mtu. Ukiihamisha neno kwa neno hadi Kiingereza inakuwa amri kavu, wakati "could I have a coffee, please" inabeba adabu ile ile. Sisi tunalifahamu hili kwa desturi: dukani hatusemi nipe chumvi, tunasema naomba chumvi, na kwa mkubwa tunaanza na shikamoo kabla ya haja. Mwambie mwanafunzi wa Kihispania kwamba "would you like" ndiyo "usted" aliyokuwa anaitafuta, na utaona uso wake ukifunguka.

Nini kifanyike

Walimu wenzangu, kutokana na hoja hizi natoa mapendekezo manne. Tufundishe hisia na mipango katika mazungumzo kamili, yenye mwaliko, jibu, sababu na pendekezo la pili. Tufundishe kukataa na kuahirisha kwa uzito ule ule wa kukubali, kwa kuwa miadi iliyovunjika ndiyo inayohitaji lugha nyingi zaidi na ndiyo inayosahauliwa vitabuni. Tuifanye lugha ya mama ya mwanafunzi kuwa mwenzetu darasani, tukimwonyesha inapofanana na lugha mpya na inapoachana nayo. Na tumwache mwanafunzi aseme mambo yake mwenyewe: hofu yake, hamu yake, Jumamosi yake. Hisia ya kukaririwa haikai kichwani, na mpango wa mtu asiyekuwapo haumsaidii mtu kufika popote.

Naomba nimalizie kwa kutazama mbele. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi, na Kihispania ni miongoni mwa lugha za Umoja huo huo. Lugha hizi mbili sasa zimekaa meza moja, na mmeona mchana huu kwamba zinaelewana katika mengi: nina hofu, nina hamu, nataka uje, inshallah. Hata hivyo, Mhispania anayetaka Kiswahili na Mswahili anayetaka Kihispania kwa kawaida huelekezwa wapitie Kiingereza kwanza, wazunguke mlima ili wafike nyumba ya jirani. Hakuna sababu ya kuendelea hivyo. Napendekeza walimu wa lugha walio katika ukumbi huu waunde kikundi cha kuandika kitabu cha mazungumzo cha Kihispania na Kiswahili, uso kwa uso, kianze na hisia na miadi, kijaribiwe madarasani, na kirekebishwe kwa makosa halisi ya wanafunzi wa pande zote mbili. Mimi niko tayari kuandika sura ya kwanza. Wanaotaka kujiunga tuonane baada ya kikao hiki, tutaje siku, mwezi na saa, tuanze kazi.